Tupeane uzoefu: Tuliowahi kula vyakula vibichi vya mimea pekee, miili yetu ilijibu nini?

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba tukutane hapa sisi tuliowahi kuacha kabisa chakula kilichopita motoni, tukabaki na matunda, mboga, njugu na mbegu zilizolowekwa au kuchipushwa, bila nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Ninalo ombi moja kabla hatujaanza. Mtu asije na tangazo la kwamba alipona kila ugonjwa, wala asije na kejeli kwamba binadamu si mbuzi. Aeleze alikula nini, kwa muda gani, aliamini nini wakati huo, na mwili ulimjibu nini, ikiwezekana pamoja na majibu ya vipimo. Simulizi za miezi mitatu ya mwanzo zimejaa kila mahali na zinafanana kama mapacha. Za mwaka wa tatu na kuendelea ndizo adimu, na ndizo ninazozitafuta.

Naanza na yangu. Nilikula hivyo kwa miaka minne na miezi michache. Niliingia nikiwa na umri wa miaka 38, uzito wa kilo 91, kiungulia cha kila usiku na shinikizo la damu lililokwisha kuanza kutibiwa. Imani niliyoingia nayo ni ile inayojulikana na kila aliyepita njia hii: kwamba chakula kikipashwa moto kupita nyuzijoto 48 hivi vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoendesha kazi kama ya kusaga chakula, hufa, na kwamba mtu anayekula chakula kilichokufa hulazimika kutumia vimeng'enya vya akiba yake mwenyewe mpaka mwili uchakae. Niliiamini kwa moyo wote, kwa sababu wiki sita za mwanzo zilikuwa kama kupewa mwili mwingine. Kiungulia kilikoma, usingizi ukawa mzito, na kufikia mwezi wa nane nilikuwa na kilo 74, huku daktari akiwa amenipunguzia dawa.

Ilinichukua muda mrefu kukiri jambo ambalo mtoto angeliona. Siku niliyoacha moto niliacha pia soda tatu za kila siku, vyakula vya kukaanga, pombe ya mwisho wa wiki na mlo mzito wa saa nne usiku. Sifa zote nilizipa ubichi, ilhali sehemu kubwa ya sifa hizo ilistahili kwenda kwa vitu nilivyoviacha. Na hata hoja yenyewe ya vimeng'enya haisimami ukiitazama kwa karibu: kimeng'enya ni protini, na kikifika tumboni hukutana na asidi kali ambayo humwagikia protini zote bila kuuliza zilitoka kwenye sahani mbichi au iliyopikwa. Vimeng'enya vya mmea viliumbwa kwa kazi za mmea. Vya kwetu tunavitengeneza wenyewe.

Sasa nije kwenye mwaka wa tatu. Asubuhi moja nilisimama nikifunga shati, nikakishika kifungo katikati ya kidole gumba na cha shahada, na nikagundua kwamba ninakiona lakini sikihisi. Nilikizungusha, nikakibinya, nikalazimika kutazama vidole vyangu kama vya mtu mwingine ndipo kifungo kikaingia kwenye tundu lake. Vidole vya miguu vilikuwa vimetangulia kufa ganzi kwa miezi kadhaa, nami nilikuwa nimejieleza kwamba ni sumu za zamani zinatoka. Hilo neno "sumu zinatoka" naomba kila mtu aliogope, maana linaweza kuelezea dalili yoyote ile, na kwa hiyo halielezi chochote. Daktari aliniuliza ninakula nini, nikamjibu kwa fahari, naye akaagiza kipimo cha vitamini B12. Kilirudi kikiwa chini ya nusu ya kiwango cha chini kinachokubalika.

Kilichonishangaza ni kwamba wingi wa damu yangu ulikuwa mzuri, na ndiyo maana vipimo vya kawaida vya miaka iliyotangulia havikunishtua. Alinieleza kwamba majani mabichi yamejaa foleti, aina nyingine ya vitamini B, na foleti nyingi huweza kuficha upungufu wa damu unaoletwa na ukosefu wa B12, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Vitamini hiyo hutengenezwa na bakteria, si na mimea, na ini la mtu aliyekuwa akila vyakula vya wanyama huweza kuwa na akiba ya miaka kadhaa. Ndiyo sababu mtu huishi kwa raha mwaka wa kwanza na wa pili akidhani ameshinda. Mimi nilikuwa nikinywa unga wa spirulina, aina ya mwani, kila asubuhi kwa imani kwamba unanitosha, kumbe kilichomo humo kwa sehemu kubwa ni umbo linalofanana na B12 ambalo mwili wa binadamu hauwezi kulitumia. Nilichomwa sindano kwa miezi kadhaa. Mikono imerudi. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havijarudi mpaka leo, na huu ni mwaka wa tano tangu niache.

Mchangiaji wa kwanza

Nashukuru kwa kuanza na ukweli, ndugu mleta mada. Yangu ni ya mwaka mmoja na nusu tu, lakini ni ya mwanamke, na mambo ya wanawake katika ulaji huu husemwa kwa kunong'onezana.

Nilikuwa na miaka 29 na kilo 58, mwenye afya, na sikuwa na ugonjwa wowote wa kutibu. Niliingia kwa sababu ya huruma kwa wanyama, kisha nikavutwa hatua moja zaidi na kundi la wanawake waliokuwa wakila vibichi. Mwezi wa tano hedhi ilikatika. Niliuliza kundini, nikajibiwa kwamba hiyo ni ishara ya usafi: eti hedhi ni uchafu unaotoka, na mwili usiokuwa na uchafu hauna cha kutoa. Naandika sentensi hii leo na aibu inanipanda usoni, kwa sababu nilifurahi. Nilikuwa mtu mzima niliyesoma, na nilifurahi kuambiwa kwamba mfumo wangu wa uzazi umezimika kwa sababu nimetakata.

Mama yangu alikuja kunitembelea, akanitazama nikikwangua karoti, akasema, "Mwanangu, wewe huumwi. Una njaa." Nilimkasirikia kwa wiki mbili. Nilikuwa ninakula mchana kutwa, taya zikiuma kwa kutafuna, tumbo limejaa mpaka limevimba. Ningekuwaje na njaa? Baadaye mtaalamu wa lishe alinifanyia hesabu mbele yangu kwa kalamu. Gramu 100 za kabichi mbichi zina kalori zipatazo 25, na za letusi ni 15 hivi. Mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku angelazimika kula kilo nane za kabichi. Tumbo langu lilikuwa limejaa maji na nyuzinyuzi. Nilikuwa nimeshuka hadi kilo 46.

Yeye ndiye aliyenieleza habari za utafiti wa Chuo Kikuu cha Giessen nchini Ujerumani, uliochapishwa mwaka 1999, ambao ulichunguza watu zaidi ya 500 waliokuwa wakila vibichi kwa muda mrefu. Wanawake walikuwa wamepungua kilo 12 kwa wastani, na takriban asilimia 30 ya wale walio chini ya miaka 45 hedhi zao zilikuwa zimevurugika au zimekoma kabisa, hasa waliokuwa wakila kiasi kikubwa zaidi cha vibichi. Kwa hiyo sikuwa peke yangu, na sikuwa msafi kuliko wengine. Mwili usiopata chakula cha kutosha huahirisha uzazi, basi. Hedhi yangu ilirudi baada ya miezi saba ya kula vyakula vilivyopikwa, na bado sili nyama. Huruma yangu kwa wanyama haikuwahi kuhitaji kabichi mbichi.

Mchangiaji wa pili

Naona mada inaelekea kuwa ya mazishi, nami niko hai, kwa hiyo niruhusuni niseme upande wangu. Nimekula vyakula vibichi vya mimea kwa miaka kumi na mmoja, na ninaendelea.

Ndugu mleta mada, kwa heshima zote, kilichokuumiza si ubichi. Mtu anayekula mimea iliyopikwa pekee, bila kumeza B12, atafika pale pale ulipofika, kwani kupika hakuongezi vitamini hiyo kwenye maharage. Mimi nilianza vidonge vya B12 wiki ile ile niliyoanza ulaji huu, na wenzangu wa wakati huo walinicheka, wakasema kidonge si chakula hai. Wawili kati yao wameacha. Mimi ninaendelea na vidonge vyangu. Ninapima damu kila mwaka: B12, chuma na vitamini D. Madini joto (ayodini), ambayo wengi huyapata kwenye chumvi, ninayapata kwa kidonge, kwa sababu situmii chumvi. Ninajipima uzito kila Jumapili, na ukishuka kilo mbili ninaongeza mafuta kabla sijauliza sababu.

Kwa mchangiaji aliyenitangulia, pole sana kwa yaliyokukuta, na hesabu yako ya kabichi ni sahihi; ndiyo maana mimi siishi kwa kabichi. Ninaishi kwa ndizi, tende, parachichi, lozi na ufuta, na majani yanakuja juu yake. Gramu 100 za lozi zina kalori karibu 580. Njugu naziloweka usiku kucha, namwaga maji yake, kisha nazikausha kwenye mashine yenye joto dogo, kazi ambayo mgeni huiona ni ya wazimu lakini kwangu ni sawa na mwingine anavyochambua mchele. Na niseme jambo ambalo pengine ni sababu ya kweli kuliko zote nilizokuwa nikizitoa zamani: sipendi kupika. Sikuwahi kupenda. Imani za vimeng'enya nilizitupa kitambo, nikabaki na maisha ambayo hayana sufuria la kusugua.

Sitaficha lililoniumiza. Ni meno. Mtu anayekula matunda mara sita kwa siku huyaogesha meno yake kwenye asidi na sukari mara sita kwa siku, na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa nikipiga mswaki mara tu baada ya kila mlo, wakati ambapo ganda la jino limelainishwa na asidi na linasuguliwa kirahisi. Meno ya mbele yamekuwa mafupi na ya njano kwenye kingo, na maji baridi nayanywa upande mmoja. Utafiti mwingine wa Ujerumani wa mwaka huo huo wa 1999 uliwakuta watu 60 kati ya kila 100 wanaokula vibichi wakiwa na angalau jino moja lililolika vibaya, ilhali katika kundi la kulinganisha walikuwa 32 tu. Sasa nasukutua kwa maji, nasubiri zaidi ya nusu saa, ndipo nashika mswaki, na tende sizitafuni tena jioni. Anayetaka kuanza leo aanzie kwa daktari wa meno, apate picha ya meno yake yalivyo kabla, ili baadaye asijidanganye.

Mleta mada

Ndugu, nimeikubali hoja yako ya B12 na ninaipokea bila kinyongo. Ninachobaki nacho ni hiki: sikumeza vidonge vya B12 kwa sababu ya imani yenyewe. Mafundisho niliyoyapokea yalisema chakula hai kina kila kitu, na kwamba anayemeza kidonge anakiri kushindwa. Wewe ulifanikiwa kwa kutoyaamini.

Mchangiaji wa tatu

Yangu ni fupi na ni ya usiku mmoja. Niliamini kwamba mbegu yoyote ikichipuka inaliwa. Nikaloweka maharage mekundu, nikayachipusha kwa siku tatu, nikayachanganya kwenye saladi, nikala bakuli zima na kujipongeza. Baada ya saa mbili nilikuwa nimelala kwenye sakafu ya bafu, shavu likiwa kwenye vigae kwa sababu vilikuwa baridi, nikitapika kila nilipoinua kichwa. Maharage hayo yana lektini, protini inayoharibu utumbo, na kuchipuka hakuiondoi vya kutosha. Inahitaji maji yanayochemka kweli kweli kwa dakika zisizopungua kumi baada ya kulowekwa, na kuyapasha kwa moto mdogo usiofika kuchemka kunaweza kuongeza ukali wake. Dengu, choroko na alfalfa nilikuwa nimezila bila shida, ndiyo maana nilidhani zote ni ndugu.

Mleta mada

Na hata hizo zilizo salama kwa asili yake zina jambo lake. Joto na unyevu unaochipusha mbegu ndio ule ule unaozalisha bakteria. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, mbegu za uwatu zilizochipushwa zilieneza aina kali ya bakteria aitwaye E. koli, watu zaidi ya 3,000 wakaugua na zaidi ya 50 wakafa, wengi wa waliougua wakiwa watu wazima waliokuwa na afya njema. Mimi nilikuwa nasuuza chupa zangu mara mbili kwa siku na kujiona msafi. Kama bakteria wamekwisha kuingia ndani ya mbegu, kusuuza hakuwatoi.

Mchangiaji wa nne

Ninaandika kwa niaba ya baba yangu, ambaye hatumii mitandao. Ana miaka 71 na amekuwa akimeza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa miaka mingi kwa sababu ya moyo. Binamu yetu alimshawishi anywe glasi mbili kubwa za juisi ya majani mabichi kila siku, mchicha na sukuma, akimwambia zitamsafisha damu. Hakuna aliyemuuliza anameza nini. Majani hayo yana vitamini K kwa wingi, nayo ndiyo ambayo dawa hiyo hufanya kazi dhidi yake, kwa hiyo dawa ikawa kama haimezwi. Wiki ya tatu alikwenda kliniki kwa kipimo chake cha kawaida, na muuguzi akasimama, akamwita daktari bila kuketi tena. Bahati yetu ilikuwa siku ya kipimo kuangukia pale.

Daktari hakumkataza majani, na hilo ndilo ninalotaka lisomwe. Alimwambia, "Mzee wangu, kula majani yako, lakini kiasi cha leo kiwe kiasi cha kesho, nasi tutapanga dawa kufuata sahani." Baba anakula majani yaliyopikwa kila siku kwa kipimo kimoja cha kikombe, na binamu bado hajaelewa kosa lilikuwa wapi.

Mchangiaji wa tano

Mimi sikuwahi kula vibichi. Nilikuwa mke wa aliyekula, na naona hakuna aliyeuzungumzia upande huo.

Mume wangu alianza baada ya kumzika kaka yake aliyekufa kwa kiharusi, na kwa hiyo sikuweza kumpinga. Hofu yake niliijua inatoka wapi. Mwanzoni nilifurahi pamoja naye. Alipungua, alicheka, aliamka kabla ya jua na sauti ya blenda ikawa ndiyo saa yetu ya kuamkia. Kisha eneo la vinavyokubalika likaanza kusinyaa. Kwanza aliacha matunda yaliyokaushwa kwa sababu hakujua yalikaushwa kwa joto gani. Akaacha lozi za dukani kwa sababu hiyo hiyo. Akaacha kula ugenini, halafu akaacha kwenda ugenini. Kwenye harusi ya mpwa wake alitoka nje, akaenda kula tango ndani ya gari, na nilimwona kupitia kioo akitafuna polepole huku muziki ukisikika, nikashindwa kuamua kama nimhurumie au nimkasirikie. Jiko la gesi alilifunika kwa kitambaa, na juu yake akapanga chupa zake za kuchipushia, zimeinamishwa mstari mmoja. Chakula cha watoto nilikipika barazani kwa jiko la mkaa, kwani harufu ya kitunguu kinachokaangwa alisema inamsumbua. Nadhani ilimsumbua kweli, ila si kwa namna aliyoisema.

Daktari Mmarekani, Steven Bratman, mwaka 1997 aliipa hali hii jina, othoreksia, akimaanisha mtu aliyeshikwa na kula kwa usahihi mpaka usahihi wenyewe ukamla. Sikulijua neno hilo wakati ule. Nilichojua ni kwamba tulikuwa hatujakaa meza moja kwa miezi kumi na minne, na kwamba mwanangu mdogo alimuuliza baba yake, bila ubaya wowote, kama chakula cha mama kina sumu.

Hakuna mjadala uliomrudisha. Mimi nilijaribu yote, na mkwe wangu alijaribu kwa ukali kuliko mimi. Kisha mume wangu aliugua homa siku nne, hakuweza kutafuna, matunda yakamchoma koo. Siku ya nne nilipika supu ya boga kwa ajili ya watoto, nikaiacha barazani na kuingia chumbani kubadilisha shuka. Alikuwa amegeukia ukutani. Akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Mama Neema, umetia chumvi?"

Nikamwambia nimetia kidogo.

Alikunywa bakuli mbili, akalala. Hatukuizungumzia siku ile wala iliyofuata. Bado anakula vibichi zaidi kuliko mtu yeyote ninayemjua, anameza vidonge vyake, na chupa zimehamia dirishani.